Mama akisema "ndiyo kapata matone", ni matone gani hayo?

Kamwene wadau. Hili jambo linaniuma ndo maana nalileta tulijadili. Kuna kaka yetu kaandika kwamba kwenye madodoso akina mama wengi wa Iringa na Njombe wanajibu watoto wamepata vitamini A, na bado watoto wamedumaa, kwa hiyo vitamini ni hela ya kutupa tu, bora yote iende kwenye uhamasishaji wa lishe. Kaka yangu, napinga, na napinga kwa sababu hayo madodoso nimeyashika mimi mwenyewe.

Mwaka 2022 nilikuwa mhoji vijiji vya upande wa Makambako, mwezi wa saba, baridi mpaka kalamu inagoma. Swali lilisema "katika miezi sita iliyopita mtoto amepata matone ya vitamini A?" Nyumba ya kwanza ndiyo, ya pili ndiyo, ya tatu ndiyo, mimi natiki tu. Nikafika kwa bibi mmoja anamenya viazi jikoni, mama wa mtoto yuko shamba, bibi akasema ndiyo mwanangu kapata, nesi alipita hapahapa nyumbani akamdondoshea mdomoni halafu akampaka wino kidoleni. Nikaishiwa nguvu. Wino kidoleni si ni polio! Mwaka ule Malawi walipata mgonjwa wa polio, basi kuanzia mwezi wa tatu matone yakapitishwa nyumba kwa nyumba Mbeya, Songwe, Njombe na Ruvuma. Vitamini A ni kile kidonge laini, cha bluu kwa mtoto wa miezi 6 hadi 11, chekundu kwa wa mwaka 1 hadi 5, nesi anakata ncha kwa mkasi anakamulia mdomoni. Sisi huku yote tunaita matone. Bibi hakudanganya hata kidogo, swali ndilo lilikuwa bovu. Na mgeni amevaa kitambulisho yuko mlangoni kwako, nani atamjibu hapana?

Sasa ile asilimia 56.9 ya udumavu Iringa kwenye utafiti wa taifa wa 2022, na 50 na kitu Njombe, wakati taifa zima ilikuwa 30, hiyo naiamini, maana mtoto analazwa au anasimamishwa kwenye ubao anapimwa, hakuna wa kumwonea aibu. Ila msichanganye mambo jamani, vitamini A haijawahi kuwa dawa ya urefu. Kazi yake ni macho na kinga, mtoto akipata surua au kuhara asiondoke. Huko Aceh, Indonesia, mtafiti Sommer na wenzake walichukua vijiji 450, vingine vikapewa vitamini A vingine vikasubiri, mwaka 1986 wakatoa majibu kwamba vifo vya watoto vilipungua kama theluthi kwenye vilivyopewa. Baadaye India walifanya kwa watoto milioni moja na tofauti ikawa ndogo sana, hilo nalo tuliseme bila kuficha. Lakini wote hao walilinganisha maeneo yaliyopewa na yasiyopewa, hawakumuuliza mama "unaonaje imesaidia?" wakafunga daftari.

Na huo uhamasishaji siukatai, ila mnamhamasisha nani? Mama wa Mufindi anatoka alfajiri, mtoto anabaki na dada yake wa miaka saba na ugali wa jana na chainizi ya kuchemsha bila tone la mafuta, wakati vitamini A ya mboga bila mafuta mwili hauichukui vizuri, na parachichi lenye mafuta limeshapakiwa kwenye lori. Yule mama anajua kila kitu kwenye bango la kliniki, muda ndo hana. Kwenye dodoso letu zima hapakuwa na swali la nani anamlisha mtoto saa sita mchana.

Mimi nasema mhoji aonyeshe kidonge chenyewe, afungue kadi ya kliniki asome tarehe, kisha aulize nani anashinda na mtoto. Nyie wa Rungwe, Kyela, Kilolo, mkiulizwa "matone" kichwani yanakuja yapi? Na kadi ya mwanao inasema mara ya mwisho lini?