Flamingo wamehama, bado kuna maana kupeleka watoto Ziwa Nakuru?

Ticha_Nyandarua
Habari zenu wadau. Mimi nasimamia klabu ya wanyamapori shuleni na muhula ujao tunataka tripu ya gredi 5 na 6. Miaka yote shule yetu huenda Nakuru, kuna picha ya kitambo kwa ofisi ya hedi, ukingo wote wa ziwa ni pinki tupu. Sasa juzi kwa mkutano mzazi mmoja akasimama akasema flamingo walishahama na ziwa limefurika, eti tunataka kulipisha watu pesa watoto wakaone maji, heri tuwapeleke Nairobi mahali simba ni lazima. Wengine wakapiga makofi. Mliopita huko karibuni mnasemaje? Na KWS (shirika la serikali la wanyamapori) wana mtu wa kuongea na watoto ama mnazungushwa tu na basi mnarudi?

Mkaazi_wa_Nax
Ticha nenda, na huyo mzazi umbebe. Flamingo wapo kiasi, kuna siku unapata kundi na kuna siku hupati kitu, na hapo ndio kuna somo lenyewe. Hili ziwa halina mto wa kutoa maji, Njoro na Makalia na Nderit zote zinaingia tu, maji yakishafika hupunguzwa na jua. Kuanzia karibu 2010 limekuwa likipanda, zamani lilikuwa kama kilomita za mraba 40, siku hizi limepita 60. Sasa magadi yakichanganyika na maji mengi ya mito yanakuwa mepesi, na wale flamingo wadogo (ni aina yao, si makinda) chakula chao ni ule mwani wa kijani unaopenda magadi makali, ukipungua wanabeba virago wanaenda Ziwa Bogoria. Gredi 6 anaelewa hiyo kabisa ukimsimamisha pale ukingoni aone migunga iliyokauka ikiwa bado wima ndani ya maji, hapo kulikuwa msitu jameni. Hata geti kubwa la zamani liliingia maji ikabidi wahame. Halafu waulize ndege gani wamekaa juu ya hiyo miti mikavu, watakuambia mnandi, na mwari wanaogelea hapo chini, na hao hula samaki. Samaki wenyewe hawakuwa wa hapa, waliletwa miaka ya 50 na 60 ili wamalize viluwiluwi vya mbu, ndio mwari wakaanza kujaa. Ukiwaonyesha hivyo hawatauliza pinki iko wapi.

Chuga_Boy
Salama wakuu, nasoma nikiwa Arusha. Hao flamingo mnaowagombania wanazaliwa huku kwetu Ziwa Natron 😀 karibu flamingo wadogo wote wa Afrika Mashariki wanatagia pale, kwahiyo watoto wenu wanahesabu wageni. Natron iliingia kwenye orodha ya Ramsar (ya ardhioevu muhimu duniani) 2001, Nakuru yenu ilitangulia 1990. Kuna kipindi kulikuwa na mpango wa kiwanda cha magadi pale Natron, kelele zilipigwa mpaka na Wakenya. Mwalimu wachoree ramani wao wenyewe waunganishe Natron, Nakuru na Bogoria kwa kalamu, na uwaambie hawa ndege husafiri usiku, watoto wanapenda sana hiyo.

nyuma_ya_fensi
Mnaongea ndege tu mmesahau takataka. Mvua ikinyesha mitaro ya mji inashuka upande wa ziwa na chupa, sapatu, pampasi, kila kitu. Hifadhi yote imezungushiwa fensi lakini maji ya mtaro yanapita. Na kitu kingine kinaniuma, watoto wa huku Mwariki na Barut wanaishi hapa hapa, wengine maji yaliwafuata mpaka kwa nyumba wakahama, na bado hawajawahi kuingia ndani kwa sababu ya kiingilio. Ticha ukiweza tafuta shule moja ya huku mchanganye watoto kwa siku moja, hawa wetu watawaambia wako vile boma la shosho liliisha, hakuna ofisa atasema hiyo vizuri kuwaliko.

Ticha_Nyandarua
Aisee hiyo ya kuchanganya shule nimeipenda sana, nyuma_ya_fensi nakuja inbox. Tukitaka kulala je?

Mkaazi_wa_Nax
Wildlife Clubs of Kenya wana hosteli ndani ya hifadhi, ni ya makundi kama yenu, hao wamefanya hii kazi ya klabu za shule tangu 1968, piga simu mapema uulize nafasi. Kwa KWS peleka barua yenye mhuri wa shule, andika idadi ya watoto na uandike MADA mnayotaka, maji kupanda au taka au chochote, usipoandika mtapewa ile hotuba ya kifaru mweusi na kifaru mweupe mmalize. Chupa za plastiki za kutupa ni marufuku kwa hifadhi zote tangu Juni 2020, kila mtoto abebe ya kujaza tena. Nilishaona basi zima getini watoto wanaambiwa wamalize maji hapo hapo, wanakunywa kama ngamia, nusu saa baadaye wote wanataka choo na kushuka hairuhusiwi ovyo. Chakula nacho mfunge vizuri, nyani wa Baboon Cliff hawana adabu.

Ticha_Nyandarua
😂😂 Nimemtumia yule mzazi huu mjadala. Amejibu atakuja lakini anataka simba.

Mkaazi_wa_Nax
Simba wako. Mwambie aamke mapema.