Naomba ushauri: kiolezo cha swichi ya reli ndogo kinachapishwa pungufu

Ndugu zangu, niko Moshi na ninajenga kwa mkono mfano wa stesheni yetu kwa kipimo cha 1:87, ambapo njia ya upana wa mita moja, kama hii itokayo Tanga, huwakilishwa na milimita 12 kati ya reli na reli. Nimechora kwa kompyuta kiolezo cha swichi (mahali njia moja ya reli inapogawanyika kuwa mbili) yenye pembe ya 1:6, yaani njia hizo huachana kipimo kimoja kwa kila vipimo sita vya urefu, nikikusudia kukibandika ubaoni, kupanga juu yake mataruma (vipande vya kulaliwa na reli) yenye utando wa shaba, kisha kushika reli kwa lehemu.

Tatizo ni uchapishaji. Mstari wa kupimia wa milimita 200 unatoka steshenari ukiwa na milimita 194, maana yake upana wa njia unashuka hadi 11.64, na kwa upungufu huo magurudumu yatakwama au kupanda juu ya reli. Nadhani printa hupunguza mchoro ili uenee ndani ya kingo za A4.

Je, inatosha kumwagiza mchapishaji achape PDF kwa asilimia 100, au nitafute plota ya karatasi ndefu? Binafsi naelekea kwenye plota, kwa sababu kwa A4 kiolezo hugawanyika katika kurasa kadhaa, na zikiungwa vibaya katikati ya kona ya reli, swichi nzima huharibika. Aliyewahi kuunga kurasa hizo alitumia alama gani kuzilinganisha?