Ushauri: picha za ngome ya Boma Arusha mwezi huu wa mawingu, ninunue lenzi ipi?

KijanaWaNjiro
Habari za jioni wakuu. Nina kazi ya kupiga picha ile ngome ya Wajerumani ya mwaka 1900, mwisho wa Barabara ya Boma, ambayo siku hizi ni makumbusho. Kamera yangu ni ya sensa ndogo ya APS-C, lenzi ni ile ya kawaida ya milimita 18-55. Hali ya hewa ya Julai mnaijua: asubuhi mawingu hadi chini, mchana jua linachungulia na kukimbia. Nimeangalia video nyingi za wanaopiga makasri ya Uskochi, wote wanasema subiri mwanga wa dhahabu wa jioni. Swali langu ni moja tu: ninunue lenzi pana ya 10-18 au polaraiza, kile kichujio cha kukata mng'ao? Hela inatosha kimoja. Naomba majibu ya haraka maana usingizi sipati. Nimeambatanisha picha ya mfano, ndiyo ninayoitaka. Ni ya Julai mwaka jana.

Stendi_Tatu
Mkuu, vyote viwili viache dukani. Stendi ya kamera hujaitaja, ina maana huna. Wingu likiziba jua, mwanga unashuka stopu mbili hadi tatu (kila stopu ni mwanga kupungua nusu) kwa sekunde chache, na jioni utakuwa unapiga kwa sekunde nzima au zaidi. Bila stendi utaleta picha zilizotikisika.

Hiyo 18 kwenye APS-C ni kama 27 ya sensa kubwa. Ukiwa na nafasi ya kurudi nyuma inatosha. Ukishika 10 utasogea karibu, utainua kamera juu, na ukiinua tu kuta zinalala kwa nyuma. Washa pima maji ya ndani ya kamera, iwe sawa kabisa, kisha panda ngazi ya futi 6. Lenzi ikikaribia nusu ya kimo cha ukuta, mistari ya wima inasimama yenyewe na nyasi za mbele zinapungua kwenye fremu. Acha nafasi pembeni ya kukata baadaye.

Polaraiza kwenye anga la kijivu haifanyi chochote. Inasaidia kwenye majani na mawe yaliyolowa, lakini inakula karibu stopu mbili, na kwenye lenzi pana inakuachia doa jeusi katikati ya anga la bluu.

ChapaLapa
Nunua koti. Saa moja asubuhi Julai pale vidole havibonyezi kitu 😂

MzeeWaSakina
Kijana, kabla ya lenzi, unajua unapiga nini? Mangi Meli, mtawala wa Wachaga, alinyongwa na Wajerumani kule Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, na mwaka huohuo kuta hizo zikapanda kwa kazi ya kulazimishwa ya Waarusha na Wameru. Vijana wa leo mnataka zing'ae dhahabu zivutie wageni. Walau piga na zile kona ambazo mawe yanaonekana, na maelezo ya chini yaseme ukweli.

MtuWaHimo
Shikamoo mzee. Hoja yako ina uzito, ila kijana kauliza lenzi.

Mleta uzi, tatizo lako la kwanza ni ukuta mweupe. Kamera ikiachwa ijiamulie inadhani mwanga umezidi, inakupa ukuta wa kijivu kama sementi. Weka manyuo, yaani upange mwenyewe. ISO 100, f/8. Jua kamili, kasi ya 1/500 ya sekunde. Wingu jepesi 1/250. Wingu zito lenye mwanga 1/125. Likifunga kabisa 1/60. Hapo ni pa kuanzia, halafu soma histogramu, ile grafu ya mwanga kwenye kioo cha kamera: ukuta uwe upande wa kulia bila kugusa mwisho. Wingu likiwa na mapengo piga fremu tatu zenye tofauti ya stopu mbili mbili. Piga RAW, yaani faili ghafi, na joto la rangi lifunge 5500K ili fremu zisibadilike rangi katikati ya kazi.

Namna ya kulivizia jua la mapengo: angalia kivuli cha mguu wa stendi yako chini. Kingo zake zikikata kama zimechorwa na rula, jua ni kamili, piga. Zikianza kulainika, ukingo wa wingu umeshaligusa jua. Ukutani huoni tofauti bado, lakini una sekunde chache tu.

DadaMajengo
Ninyi mnajibu lenzi na yeye kaficha jambo. Mdogo wangu, mambo matatu: unapiga upande gani wa jengo, picha zinatakiwa lini, na ni za kazi gani?

KijanaWaNjiro
Dada, upande si tatizo, nitazunguka. Za mteja tuziache, mimi nataka kujua vifaa tu.

DadaMajengo
Upande ndio tatizo lenyewe. Usiposema, kila ushauri hapa ni wa kubahatisha.

Stendi_Tatu
Naunga mkono. Ngome ina pande nne, jua ni moja.

KijanaWaNjiro
Sawa. Ni za kalenda ya hoteli. Upande ni wa kusini, dira ya simu inasoma kusini kabisa. Mwisho ni tarehe 31 mwezi huu. Kwenye makubaliano nimeandika "ukuta wa kusini ukiwa na jua la machweo". Malipo ya awali nimeshapokea na nusu imeingia kwenye kodi ya nyumba, kwa hiyo msiniambie nirudishe.

DadaMajengo
Basi huo mwanga haupo. Si suala la mawingu. Arusha iko digrii 3 na nukta kusini mwa ikweta. Kuanzia kama tarehe 21 Machi hadi 23 Septemba jua linapita kaskazini mwetu siku nzima, kutoka linapochomoza hadi linapozama. Katikati ya Julai linazama digrii kama 21 kaskazini mwa magharibi. Ukuta unaotazama kusini haupati hata mshale mmoja wa jua. Ungekuwa umegeukia magharibi zaidi ya digrii 21 hivi, ungeguswa ubavuni dakika za mwisho. Umesema kusini kabisa, kwa hiyo ni kivuli asubuhi hadi jioni.

Na hizo video za Uskochi zinakudanganya kwenye muda pia. Edinburgh iko kwenye digrii 56, jua la Juni linashuka kiubavu na digrii 6 za mwisho zinachukua karibu saa nzima. Kwetu linadondoka wima, digrii hizohizo linazimaliza kwa dakika 25. Ukifika ukaanza kufungua begi, limeisha.

KijanaWaNjiro
Nimekuelewa dada, lakini mbona kuna programu? Napiga kwenye kivuli, nabandika anga la machweo, naongeza rangi ya chungwa ukutani. Kwenye kalenda nani ataangalia dira? Programu yenyewe nimeshalipia mwezi.

MtuWaHimo
Wataona bila dira. Ukuta wa kivulini unaangazwa na anga zima, kwa hiyo una ubluu na hauna vivuli vya kukata. Jua la machweo la kweli lingeacha kivuli ndani ya kila dirisha, chini ya bati, nyuma ya kila mti. Wewe utapaka chungwa kote sawasawa, ionekane kama rangi ya mafuta. Vioo vya madirisha na madimbwi vitabaki na anga la kijivu. Majani yatakuwa na mstari mweupe kuzunguka kila tawi, maana programu haijui kukata majani membamba. Na ukitazama ukuta wa kusini wewe unatazama kaskazini. Machweo utakayobandika nyuma yake yatakuwa ya kaskazini. Hilo hata mpishi wa hoteli ataliona.

KahawaChungu
Samahani wadau, nimefungua ile picha ya mfano nikaikuza. Hii ni chai, na haina hata tangawizi.

Mleta uzi kasema ni ya Julai mwaka jana, upande wa kusini. Moja: kuna kivuli cha bati kinachokata ukuta kwa mshazari. Dada ameshaeleza, Julai hakiwezekani. Mbili: kona ya chini kushoto, chini ya mti, ardhi ni ya zambarau. Hayo ni maua ya mjakaranda. Arusha mjakaranda unachanua Julai? Hiyo ni Oktoba au Novemba. Kwa hiyo ama picha si ya Julai, ama hakuna hoteli, hakuna mkataba, mtu anatafuta watu wa kumfundisha bure.

ChapaLapa
Polisi wa maua ameingia 😂😂

Stendi_Tatu
Nimeikuza pia. Ni kweli, mjakaranda kabisa. Mleta uzi njoo.

MzeeWaSakina
Nilisema maelezo ya chini yaseme ukweli. Mkaona mzee anapoteza muda.

KijanaWaNjiro
Sikusema nimeipiga mimi. Nimesema ni ya Julai kwa sababu mtu wa hoteli ndiye aliniambia, akataka kama hiyohiyo. Ningejuaje ya maua? Mkataba ninao, siwezi kuuweka hapa una majina ya watu.

KahawaChungu
Kwa hiyo chai umeuziwa na mteja, ukatuletea bila kuchuja. Haya, nusu nimekuamini.

DadaMajengo
Mkweli au si mkweli, mwezi unaisha. Mpelekee mteja hayo ya kivuli na maua, aone kwamba picha yake yenyewe si ya Julai. Halafu mpe machaguo mawili.

La kwanza, upande huohuo wa kusini lakini baada ya jua kuzama. Hapo kivuli hakina maana tena, anga lote ndilo taa. Jua linazama karibu saa 12:37 jioni. Picha iko kati ya dakika ya 12 na ya 22 baada ya hapo, yaani saa 12:50 hadi saa moja kasoro kidogo. Weka stendi kabla, pima maji sawa, fokasi ifunge kwa mkono wakati bado unaona. ISO 100, f/8, anza na sekunde 1, malizia na 8 au zaidi. Zima kitulizi cha lenzi, tumia kuchelewesha kwa sekunde 2 usiguse kamera, tundika begi chini ya stendi. Taa za nje zikiwa za manjano weka 3800K, anga libaki bluu na taa zisiwe nyekundu. Taa zikiwaka mapema piga fremu moja muda huohuo, kwa sababu baadaye zitazidi ukuta na kutoboa matundu meupe.

La pili, jua la kweli kwenye kuta nyingine. Magharibi kuanzia saa kumi, mawingu yakiwa yamepasuka. Kaskazini mchana: saa sita na dakika 40 jua liko digrii 65, vivuli vya bati vinashuka virefu ukutani, vinafaa kwa picha za karibu za milango na madirisha. Asubuhi ya kijivu usiipoteze. Piga uani, lipu, bawaba, na anga lisiingie kabisa kwenye fremu, maana ukuta mweupe na anga jeupe vinamezana.

Dhahabu kwenye ukuta wa kusini mwambie ni kuanzia mwisho wa Oktoba hadi Februari. Desemba jua linazama digrii 23 kusini mwa magharibi, linaupiga kiubavu na kila tundu la lipu linaonekana.

MtuWaHimo
Ongeza: manyunyu yakipita tafuta dimbwi, shusha kamera hadi sentimita 5 juu ya maji, utapata ngome mara mbili. Hapo polaraiza ni adui, inafuta taswira ya majini. Lenzi itazame chini muda wote ambao hupigi, na kamera ivae kofia ya plastiki ya kuogea.

Stendi_Tatu
Na barua. Picha za biashara na kubaki baada ya saa za wageni zinahitaji ruhusa ya makumbusho. Andika upande, tarehe mbili za akiba kwa sababu ya hewa, na kwamba utakuwa na stendi na ngazi. Ukifika na ngazi getini saa kumi na mbili bila barua, utapiga picha ya geti.

KijanaWaNjiro
Nimeongea na mteja. Ya jioni baada ya jua kuzama amekubali, ya magharibi pia. Sasa anauliza kama naweza kurusha droni juu ya paa. Jamaa yangu wa Moshi anayo.

DadaMajengo
Droni ni kibali cha TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, kabla haijatoka kwenye begi, na ruhusa ya makumbusho ni nyingine kando. Kwa siku zilizobaki, mwambie hapana.

KahawaChungu
Na stendi ukinunua, chukua yenye ndoano ya begi katikati. Zile za plastiki nyepesi upepo wa jioni unaziangusha.