Kipimo cha maneno cha Jung: mtu akichelewa kujibu, ni kompleksi au ni lugha?

Msomi_WestNile aliuliza:

Habari zenu ndugu. Naandaa utafiti wa shahada ya kwanza kuhusu nadharia za haiba. Sehemu ya vitendo itatumia kipimo cha Carl Jung, daktari wa akili wa Uswisi: unamtajia mtu neno, naye anajibu kwa neno la kwanza linalomjia. Washiriki ni wanafunzi wa chuo hapa Arua, mkoa wa West Nile, Uganda, miaka 18 hadi 24. Wengi wao wanaongea Kilugbara nyumbani, Kiingereza darasani, na Kiswahili sokoni na kwenye stendi ya magari. Orodha yake ya maneno 100 nimeshaitafsiri kwa Kiswahili.

Kwenye majaribio ya awali "meli" na "mrefu" yamemchelewesha karibu kila mtu, lakini "kifo" wanalijibu haraka. Hii inasema nini kuhusu nafsi fiche, yaani sehemu ya akili ambayo mtu hana ufahamu nayo? Kuchelewa nakuhesabuje? Halafu msimamizi wangu anataka nieleze kwa nini mtu akisahau jibu lake tunasema ni udidimizaji, yaani wazo chungu kusukumwa nje ya ufahamu.

Mzee_wa_Maabara:

Neno likimchelewesha kila mtu, tatizo ni la neno, si la nafsi ya mtu. Kompleksi kwa maana ya Jung ni fungu la mawazo na kumbukumbu lililoshikwa pamoja na hisia moja nzito, na kila mtu ana yake. Kwa hiyo unamlinganisha mtu na yeye mwenyewe, humlinganishi na jirani yake.

Jung na mwenzake Franz Riklin walipofanya kazi hii kule Burghölzli, hospitali ya akili ya Zürich, walitumia stopwochi ya sehemu za tano za sekunde. Wewe rekodi sauti kwa simu, kisha pima kwenye kompyuta kwa Praat, ambayo ni programu ya bure. Anza kuhesabu kwenye silabi yenye mkazo ya neno unalotamka. Kwa Kiswahili ni ya pili kutoka mwisho: "rafiki" unaanzia kwenye "fi". Simamisha pale jibu linapoanza. Akitoa "mmm" kwanza, iandike pembeni, usiihesabu kuwa jibu.

Tumia mediani ya kila mshiriki, yaani muda wa katikati ukipanga yote kwa mfuatano, usitumie wastani. Jung mwenyewe alifanya hivyo, na sababu yake bado ina nguvu: mtu mwenye kasi ya sekunde 1.6 akikwama sekunde 9 kwenye maneno kadhaa, wastani unapanda na ucheleweshaji mdogo unaweza kufunikwa.

Kisha usisome muda peke yake. Alama nyingine ni kurudia neno aliloambiwa, kulisikia vibaya, kucheka, kukosa jibu kabisa, kutoa jibu lilelile kwa maneno mengi yasiyohusiana, na kushindwa kukumbuka jibu mnaporudia orodha mara ya pili. Alama moja ni kelele tu. Mbili au tatu zikikutana kwenye neno moja, na maneno yanayogusa jambo hilohilo nayo yakayumba, hapo una cha kuuliza kwenye mahojiano. Nimesema cha kuuliza, si jibu.

Angalia pia neno linalofuata. Hisia humwagika mbele, kwa hiyo mtu anaweza kujibu "kulipa" haraka akakwama kwenye "dirisha". Ndiyo maana maneno mazito hayapangwi mfululizo. Weka maneno mawili au matatu mepesi katikati.

Nnyabo_Kyambogo:

Naongezea upande wa lugha, maana hapo ndipo utafiti huu utaangukia usipojihadhari.

Neno la sita kwenye orodha ya Jung ni "refu" kwa Kijerumani, neno linalosimama lenyewe. Kiswahili hakikuruhusu. Ukisema "mrefu" umeshaleta mtu, ukisema "ndefu" umeleta njia au kamba. Mshiriki anasubiri nomino ambayo hukumpa, na kusubiri huko unakupima kana kwamba ni hisia. Vivumishi vya namna hiyo viondoe vyote, weka nomino na vitenzi vyenye "ku-".

"Meli" nayo badilisha. Mtu wa Arua anaijua feri ya kuvuka Nile pale Laropi, meli ya baharini ameisoma kitabuni. Neno lisilozoeleka huchelewesha hata mtu asiye na kompleksi yoyote.

Kuna jambo la tatu ambalo watu hulisahau. Jung alihesabu jibu la maneno mengi kuwa alama. Kwetu "maji" huita "ya kunywa", "rafiki" huita "yangu". Hayo ni sarufi inayokamilisha kauli. Amua mapema kwamba "-a" unganifu na kimilikishi si alama, uandike kwenye mwongozo wa kuhesabu, na wahesabuji wawili waufuate kila mmoja peke yake kabla hawajalinganisha.

Kama unaweza, kila mshiriki afanye orodha hiyo kwa Kiswahili na kwa Kilugbara, siku tofauti, nusu waanze na lugha moja na nusu na nyingine. Msomaji wa Kilugbara awe mzawa, kwa sababu toni ikikosewa neno linageuka na utaandika "alisikia vibaya" bila haki. Kikwazo kikitokea kwa lugha zote mbili, lugha umeiondoa mashakani.

Msomi_WestNile:

Asanteni sana, mwalimu na nnyabo. Vivumishi naviondoa. Bado la kusahau.

Mzee_wa_Maabara:

Hilo ndilo ninalokuomba ulishike vizuri, kwa sababu vitabu vingi vya darasani vinaishia nusu ya njia.

Hoja ya Sigmund Freud, mwanzilishi wa uchanganuzi wa nafsi, ni kwamba wazo chungu linasukumwa nje ya ufahamu na kuzuiliwa huko. Mwaka 1961 watafiti Levinger na Clark walionyesha kwamba watu husahau zaidi majibu waliyoyatoa kwa maneno yenye hisia, na wengi wakasema udidimizaji umeonekana maabarani. Lakini walipima kumbukumbu papo hapo. Bradley na Baddeley, 1990, waliwauliza watu papo hapo na pia baada ya siku 28. Papo hapo matokeo yakawa yaleyale; baada ya siku 28 yakageuka, majibu ya maneno yenye hisia yakakumbukwa vizuri zaidi. Kitu kilichozuiliwa hakirudi chenyewe namna hiyo. Maelezo yanayofaa zaidi ni kwamba msisimko huvuruga ukumbukaji wa muda mfupi na kuimarisha wa muda mrefu.

Basi mweleze msimamizi hivi: kusahau papo hapo ni dalili kwamba neno liliamsha hisia, haijathibitisha udidimizaji. Panga kurudia orodha baada ya wiki nne. Ni kazi ndogo, na itaipa ripoti yako uzito.

Na usivuke hapo. Kipimo hiki hakisemi lolote kuhusu nafsi fiche ya pamoja, ile ambayo Jung alisema binadamu wote tunashiriki.

Kaka_Maadili:

Ssebo, kabla ya mshiriki wa kwanza pata kibali cha kamati ya maadili ya utafiti iliyoidhinishwa, kisha uulize UNCST, Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda, kama utafiti wako unapaswa kuandikishwa. Fomu ya ridhaa iseme wazi kwamba baadhi ya maneno yanaweza kugusa msiba au vita, kwa kuwa West Nile wapo wengi waliokimbia vita Sudan Kusini wakiwa watoto. "Kifo" kujibiwa haraka kusikutulize. Jibu la haraka lililozoeleka, kama "kaburi", linaweza kuwa njia ya kulipita neno. Uwe na mshauri nasaha aliyekubali kupokea watu kabla hujaanza, na mshiriki akinyamaza au akitokwa machozi, funga rekodi. Usimwulize alikuwa anafikiria nini.