Mjadala: Ndege wa Santa Marta ni spishi kamili au kapewa cheo kwa ajili ya wimbo?

Tai Mzee: Wadau, nauliza kwa nia safi. Sierra Nevada de Santa Marta, kaskazini mwa Kolombia, ina ndege mdogo wa kahawia, mkia kausimamisha, hujificha vichakani. Wenyeji humwita cucarachero. Yule wa juu mlimani, mtaalamu wa wanyama Bangs alimwita Henicorhina anachoreta mwaka 1899. Baadaye wakamshusha, wakamtia ndani ya spishi nyingine, Henicorhina (H.) leucophrys, anayeenea Meksiko hadi Bolivia. Sasa karudishiwa uspishi. Jirani yake wa chini, bangsi, kaachwa kuwa nususpishi tu, yaani tawi ndani ya spishi ya H. leucophrys. Wanapokezana karibu na mita 2,000, na kwa sikio letu tofauti kubwa ni wimbo. Hiyo inatosha?

Kurumbiza: Si wimbo peke yake, mzee. Utafiti wa Caro na wenzake wa 2013 uliangalia na jeni pia, na nasaba za ndege hao wawili zimeachana. Tena mlima wenyewe umesimama mbali na Andes, unapanda toka pwani ya Karibi hadi mita 5,700 hivi. Ndege zaidi ya spishi 20 hawapatikani popote pengine. Mnashangaa nini?

Kipwe: Basi Ekwado mnasemaje? Miteremko ya magharibi kuna nususpishi mbili za H. leucophrys, hilaris chini na leucophrys mwenyewe juu, nyimbo mbalimbali, na wote wamebaki nususpishi. Halafu jamii hii ya ndege hujifunza kuimba kwa wakubwa wao, hawazaliwi na wimbo. Ni lahaja tu hiyo. Kama Kimvita na Kiunguja, mtu akikosea matamshi kidogo humfanyi kabila jingine.

Mwana wa Mji wa Kale: Kipwe, "akikosea" ndiyo nini? Kimvita ni Kiunguja kilichokosewa? Muyaka, mshairi wetu wa Mombasa, alitunga kwa lugha gani? Mkutano wa 1928 wa kusanifisha Kiswahili ulifanyika Mombasa kwenyewe na bado wakachagua Kiunguja. Ulikuwa uamuzi wa ofisi, haukuonyesha kosa la mtu yeyote. Futa neno hilo.

Kipwe: Nimetoa mfano tu, kaka.

Mwana wa Mji wa Kale: Mfano umeniumiza. Bibi yangu alichapwa shuleni kwa kusema "ndoo" badala ya "njoo".

Kurumbiza: Pole sana kwa bibi. Lakini hebu tazama Kingazija: miaka mingi kiliwekwa chini ya Kiswahili kama lahaja, leo wataalamu wengi wanakihesabu pamoja na lugha za Komoro. Waliokisema hawakubadilika hata siku moja.

Bi Shangwe: Na ndivyo ilivyo kwa anachoreta! Jina lenyewe maana yake mkaapweke. Hakusogea, makaratasi ndiyo yaliyosogea.

Tai Mzee: Ila hoja ya Kipwe kuhusu kujifunza wimbo haijajibiwa.

Kurumbiza: Watafiti wamewapigia ndege nyimbo zilizorekodiwa, mzee, Ekwado na Santa Marta pia. Ndege hawaitiki kwa usawa: upande mmoja huukasirikia wimbo wa jirani kuliko mwingine.

Kipwe: Kwa hiyo upande mmoja bado unamtambua mwenzake kuwa mshindani. Mimi hapo ndipo ninapokwama.

Mwana wa Mji wa Kale: Nami ningali nasubiri neno "akikosea" lifutwe.

Kipwe: Nimelifuta, kaka. Niwie radhi. Sasa nijibuni kuhusu hilaris.