Tupeane uzoefu: Kupanga safari ya familia kwenye maziwa ya Ufini wakati wa kiangazi

Fundi Ramani

Wakuu, tukusanye mambo ya kupanga wiki ya kiangazi na watoto Järvi-Suomi, yaani ukanda wa maziwa wa Ufini: Saimaa, Päijänne na majirani zao. Nchi ina maziwa takriban 188,000, na Saimaa ndilo kubwa kuliko yote. Mtu akiona ramani anataka kuzunguka kote. Asifanye hivyo. Chagua ziwa moja, nyumba moja ya ufukweni (wenyewe wanaiita mökki), ukae wiki nzima na utoke kwa safari fupi za mchana. Nyumba nyingi za kupanga msimu wa juu hutolewa Jumamosi hadi Jumamosi, kwa hiyo ukijaribu kukaa siku tatu huku na siku nne kule, ratiba itakugomea mapema.

Naanza na tarehe, maana kosa la tarehe halirekebishiki ukishafika.

Shule za Ufini hufungwa mwanzoni mwa Juni na kufunguliwa karibu na katikati ya Agosti. Mwanzo wa Juni nyumba zinapatikana, lakini maji bado ni baridi kali na watoto wadogo hawatadumu ndani. Kisha inakuja Juhannus, sikukuu ya kilele cha kiangazi: Jumamosi inayoangukia kati ya tarehe 20 na 26 Juni. Mkesha wake, Ijumaa, maduka hufunga mapema na mengine hayafunguliwi kabisa Jumamosi. Ukifika siku hiyo bila chakula utahangaika. Julai Wafini wenyewe wako likizo, bei ziko juu, nyumba nzuri zilishachukuliwa tangu majira ya baridi. Mimi nasimama na wiki ya mwisho ya Julai na ya kwanza ya Agosti: maji yamepata joto, kwa kawaida nyuzi 18 hadi 22 juu ya uso, mbu wamepungua, na beri za mwituni zimeiva. Ukichelewa zaidi, shule zikifunguliwa, vivutio vingi vinapunguza saa za kazi au kufunga msimu.

Mama Pacha

Fundi Ramani umesema vyema, ila usiudharau Juni. Savonlinna, mji ulio katikati ya Saimaa, mwishoni mwa Juni jua linazama karibu saa 5 usiku na kuchomoza saa 9 na dakika 20 hivi alfajiri, na katikati hapo giza halikamiliki. Mkitoka matembezini saa 3 usiku bado kuna mwanga wa kutosha kuona njia, na watoto wanaipenda hali hiyo kupita kiasi. Shida ni kuwalaza. Muulize mwenye nyumba kama vyumba vina mapazia mazito. Kama havina, beba shuka jeusi na vibanio vya nguo vizibe dirisha. Jambo dogo, lakini bila hivyo mtoto wa miaka mitatu ataamka saa 10 alfajiri akidhani kumekucha, na ninyi nyote mtaamka naye.

Kasia

Niongelee tangazo la nyumba, kwa sababu ndipo watu wanapoumia. Picha ya machweo haikuambii kitu. Tafuta mambo haya:

Kwanza ufukwe. Kwa watoto unataka mchanga na maji yanayozama taratibu, hiekkaranta. Kallioranta ni mwamba: unapendeza kwa macho na kwa mtu mzima anayejua kupiga mbizi, lakini hatua moja kutoka gatini maji yako juu ya kichwa cha mtoto. Kama tangazo halisemi, andika uulize kina cha maji mita tano kutoka ukingoni ni kiasi gani. Mwenye nyumba mwaminifu atajibu kwa namba.

Pili maji ya ndani. Ukiona kantovesi maana yake maji ya kubeba kwa ndoo, kutoka kisimani au ziwani. Hakuna bomba la jikoni wala bafu la kawaida, mnaogea sauna. Choo kitakuwa huussi, choo cha nje kisichotumia maji. Kila baada ya matumizi unamwaga koleo ya vumbi kavu la mboji lililowekwa pembeni, na mfuniko unafungwa, la sivyo harufu na nzi. Familia nyingi zinazimudu vizuri, mradi walijua kabla.

Tatu gharama zisizo ndani ya bei. Mashuka na taulo (liinavaatteet) na usafi wa mwisho (loppusiivous) mara nyingi hulipiwa pembeni au unafanya mwenyewe. Kuni huwa zimo, ila uliza.

Nne, mwelekeo wa ufukwe. Ukitazama magharibi mna jua hadi usiku. Ukitazama mashariki, ufukwe unaingia kivuli alasiri, wakati ule ule watoto wanataka kuogelea.

Reli na Lami

Kufika. Kwa gari kutoka Helsinki kwenda Savonlinna ni takriban kilomita 335: Lahti, Heinola, kisha barabara namba 5 kupitia Mikkeli hadi Juva, hapo unashika namba 14. Weka nusu siku na mapumziko. Taa za mbele ziwake muda wote, hata mchana. Mtoto mwenye kimo chini ya sentimita 135 lazima awe kwenye kiti au kikalio cha usalama, basi agiza viti pamoja na gari, usisubiri kaunta. Alfajiri na jioni punguza mwendo kwenye misitu yenye bango la hirvi, yule mnyama mkubwa wa jamii ya kulungu. Miguu yake ni mirefu, ukimgonga mwili unaangukia kioo cha mbele.

Ukikuta barabara inaishia majini na kuna feri ya njano (lossi), hiyo ni sehemu ya barabara ya umma na haina nauli. Simama kwenye mstari, subiri taa, panda, vuta breki ya mkono.

Kwa treni kwenda Savonlinna, unabadilisha Parikkala na kupanda treni ndogo. Reli hiyo inapita Punkaharju, ukingo mwembamba wa mchanga na misonobari wenye urefu wa kilomita 7 hivi katikati ya maji, na kuna kituo cha Lusto penye jumba la makumbusho la misitu. Tiketi za mapema ni nafuu. Treni za InterCity zina sehemu ya watoto kuchezea, tafuta viti karibu nayo. Ila elewa kwamba nyumba za ziwani haziko stesheni. Bila gari, chukua nyumba iliyo kwenye kijiji cha mapumziko au karibu na mji, vinginevyo teksi zitakula bajeti.

Nuru

Naomba kuuliza: sauna na watoto wadogo, ni salama? Na ile inayochomwa kwa kuni unaiwashaje?

Kasia

Dada Nuru, ni salama ukiwaweka benchi la chini, muda mfupi, na mlango usiofungwa kwa ufunguo. Watoto wa Kifini huingia tangu wakiwa wachanga. Nyuzi 60 zinawatosha, na mtoto akisema anataka kutoka, anatoka papo hapo. Jiko liwe na uzio wa mbao. Kama halina, mtu mzima akae upande wa jiko.

Kuwasha: fungua kwanza kizibo cha bomba la moshi (pelti), ile sahani au kijiti cha chuma kinachochomoza ukutani. Hiki ndicho kinachosahaulika, na chumba kinajaa moshi kwa dakika moja. Panga kuni mbili tatu nyembamba, juu yake weka maganda meupe ya mti wa koivu, yanashika moto hata yakiwa na unyevu kidogo. Washa kwa juu, acha mlango mdogo wa majivu wazi kidogo upate hewa. Moto ukishika, ongeza kuni awamu mbili au tatu. Saa moja hivi sauna ndogo iko tayari. Jaza maji kwenye tangi la kuchemshia kabla ya kuwasha moto wake, kamwe usiliwashe tupu. Kubwa kuliko yote: usifunge pelti mpaka makaa yote yamekufa na kuwa meusi. Makaa mekundu yakifungiwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, nayo inaua watu usingizini.

Daktari wa Kambi

Afya, kwa ufupi ila msiruke. Mbu wa huko hawaleti malaria, ni kero tu: nguo nyepesi za mikono mirefu, rangi isiyokoza, na dawa ya kujipaka jioni. Wa kuogopwa ni kupe. Kila usiku kagueni nyuma ya masikio, kwenye nywele, makwapani, kinenani na nyuma ya magoti. Ukimkuta, mshike kwa kibano kidogo karibu kabisa na ngozi, vuta taratibu na moja kwa moja. Usimpake mafuta wala kumchoma. Andika tarehe na mahali alipong'ata. Wekundu unaotanuka siku au wiki kadhaa baadaye ni wa kupeleka hospitali, dalili ya ugonjwa wa Lyme unaotibika kwa antibiotiki. Kuna pia homa ya ubongo ya kupe, na ina chanjo: dozi mbili za kwanza hutenganishwa kwa mwezi mmoja hadi mitatu, kwa hiyo zungumza na daktari mapema, si wiki ya kuondoka.

Halafu mwani wa bluu-kijani, sinilevä. Julai na Agosti, kukiwa na joto na utulivu siku kadhaa, maji yanapata rangi ya supu ya njegere, au vijipande kama unga wa kijani ukingoni. Unaweza kuwa na sumu. Jaribu hivi: chota maji kwenye glasi, yaache saa moja. Chembe za kijani zikipanda juu na kukaa usoni, ni wenyewe. Au chovya kijiti kwenye utando: ukining'inia kama nyuzi, ni mwani mwingine usio na neno, ukivunjika na kutawanyika chembechembe, watoto wasiingie, na maji hayo yasimwagwe hata kwenye mawe ya sauna. Upepo ukigeuka, ufukwe unaweza kusafika kesho yake, basi pima kila asubuhi.

Namba ya dharura ni 112. Pakueni programu ya 112 Suomi kabla ya kuondoka; ukipiga kupitia hiyo, mahali ulipo panaonekana kwa mpokeaji. Msituni, ambako hujui hata jina la njia, hilo ni jambo kubwa.

Mama Pacha

Naongeza boti. Nyumba nyingi zina boti ya makasia, na majaketi ya kuokolea yaliyoning'inia bandani ni ya watu wazima. Ulizia ya watoto kwa uzito wa kila mtoto, au nunueni. Jipimie hivi: mvishe, funga vifungo vyote pamoja na mkanda unaopita katikati ya miguu, kisha inua jaketi kwa mabega yake. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa, majini litamtoka. Makasia pigeni asubuhi, maana mara nyingi upepo huongezeka mchana na maji ya wazi yanachafuka. Saimaa imejaa visiwa vinavyofanana, kwa hiyo fuateni ukingo. Na pale Savonlinna, mkondo wa Kyrönsalmi kando ya ngome ya Olavinlinna una maji ya kasi, si mahali pa kujifunzia makasia.

Ngome yenyewe ilianza kujengwa 1475 na watoto wanaifurahia, ila Julai kuna tamasha la opera ndani yake na malazi ya mji mzima yanakuwa adimu. Lappeenranta kuna kasri la mchanga kila kiangazi, kuingia bure. Siku ya mvua nendeni Lusto, au kanisa la mbao la Kerimäki lililokamilika 1847, linaloketisha zaidi ya watu 3,000.

Ndoano

Uvuvi: ufito wa mshipi na nyungunyungu ni bure kwa kila mtu. Ukitumia rodi yenye gurudumu na chambo bandia, wa miaka 18 hadi 69 analipa ada ya serikali, ya siku, wiki au mwaka. Watoto hawalipi. Kwenye maporomoko kuna marufuku zake, soma bango. Beri na uyoga mnachuma bure, si uani kwa mtu. Moto wa nje ni ruhusa ya mwenye ardhi, na kukitangazwa tahadhari ya moto wa msitu hauwashwi hata kwa ruhusa.

Fundi Ramani

Wenye pasi zinazohitaji viza ya Schengen (viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Ufini ikiwemo): ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na mwisho siku 15 kabla. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15 lakini unaweza kufika 45. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima na mtoto wa miaka 12 na zaidi, 45 kwa wa miaka 6 hadi 11, chini ya 6 hakuna. Bima ya matibabu isipungue yuro 30,000. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja abebe cheti cha kuzaliwa na idhini ya maandishi ya mzazi mwingine. Kwa kuwa nyumba inawekwa nafasi kabla ya viza, soma masharti ya kughairi kwanza: amana inarudi hadi tarehe gani, na salio linadaiwa lini.

Reli na Lami

Siku ya kutoka nayo ipangwe. Kuondoka mara nyingi ni saa 6 mchana na wageni wapya huingia saa 10. Majivu yaingie ndoo ya chuma yenye mfuniko, kamwe si mfuko wa plastiki, na ndoo ikae nje mbali na ukuta wa mbao. Boti ivutwe nchi kavu, ipinduliwe. Sakafu ya sauna ikaushwe na mlango uachwe wazi. Takataka mpeleke kituo cha pamoja barabarani kama mwenye nyumba alivyoelekeza. Chupa na makopo yenye alama ya amana msitupe, yaingizeni kwenye mashine ya supamaketi mkiwa njiani. Risiti inayotoka mnalipwa kaunta.