Mrejesho: Historia ya umma na kazi ya nyaraka

Niliuliza hapa kama shahada ya uzamili ya historia ya umma inatosha kupata kazi ya makumbusho au nyaraka. Wengi mlinishauri nianze kwa kujitolea. Ahsanteni sana, mlikuwa sahihi.

Sasa niko kwenye chumba cha nyaraka: natoa pini zenye kutu, nahamishia karatasi kwenye makasha yasiyo na asidi, naandika maelezo kwa kufuata ISAD(G), yaani kiwango cha kimataifa cha kuelezea nyaraka. Kilichonigusa zaidi ni kanuni ya asili, yaani kuheshimu nyaraka zilikotoka. Nyaraka za mtu mmoja hazichanganywi na za mwingine, na mpangilio aliouacha mwenyewe hauvurugwi, maana nao ni ushahidi. Nilivyoielewa hiyo, hata kusoma barua za zamani kumebadilika kwangu.

Kozi hiyo ya uzamili nimeanza, nimechagua nyaraka. Maonyesho nitayachukua kama somo la ziada.